Mota ya Upande wa Kulia

Masolwa alikuwa na nyumba. Hilo hakuna wa kulipinga. Nyumba yenyewe ipo Itetemia, Tabora, na ilikuwa na kila kitu ambacho nyumba inatakiwa kuwa nacho, kuanzia chini mpaka kwenye lenta. Kuanzia lenta kwenda juu ilikuwa na mbingu. Alikuwa pia na leseni ya udereva, ile ya kujifunzia, iliyoisha muda wake naye akiwa bado anajifunza kurudi nyuma. Alikuwa na gitaa alilojua kulipigia nyimbo tano, zote bila mwisho. Alikuwa na matuta manne ya mchicha, mawili yakiwa na mchicha. Hata kibanda chake cha kutengeneza simu kule mjini alikuwa amekipaka rangi ya bluu upande unaotazama barabara, na upande wa nyuma akauachia Mungu.

Watu wa Itetemia, ambao kwa ukarimu wa kugawa majina hawajambo, wakamwita Masolwa Nusu. Mwenyewe hakulipenda jina hilo. Alishawahi kuanza kulipinga hadharani, ila hakumaliza.

Kitu kimoja tu alikuwa amekifuatilia miaka mitatu bila kukiacha njiani, na kitu hicho kilikuwa Theodora, binti wa Mzee Nikolaus mfuga nyuki, mwalimu wa hisabati katika shule moja ya msingi upande wa Cheyo. Theodora naye alimpenda, jambo ambalo wenzake wa ofisini walilichukulia kama ugonjwa ambao chanjo yake haijafika nchini.

"Mwalimu mzima wa hisabati," walimwambia, "namba zote zilizopo duniani, umekwenda kuchagua nusu?"

Mwezi wa nne Masolwa akatuma barua ya posa. Mshenga alikuwa rafiki yake Dionis, fundi cherehani mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake. Barua iliandikwa vizuri, kwa mwandiko safi, na aya ya mwisho ikamaliziwa na Dionis mwenyewe akiwa njiani, kwa sababu zinazojulikana.

Mzee Nikolaus aliisoma, akaikunja mara nne, akaiweka mfukoni. Alikuwa mtu mfupi, mkimya, mwenye miaka arobaini ya kushinda porini na wadudu wasiopenda kelele.

"Dionis mwanangu," alisema, "huyu kijana ndiye yule mwenye nyumba isiyo na kofia?"

"Ndiye, Mzee. Ila paa liko njiani."

"Linatokea wapi? Ulaya?"

Dionis akakohoa kwa heshima.

"Zamani hapa kwetu Unyamwezi," Mzee akaendelea, "kijana alikuwa haoi mpaka abebe mzigo wa pembe za ndovu kutoka hapa hadi Pwani, halafu arudi. Kwa miguu. Akirudi, wakwe wanajua: huyu akianza safari anafika. Babu wa babu yake huyo Masolwa alifika Bagamoyo, akarudi na nguo za kaniki na kovu la mgongo. Angekuwa ni huyu wako, zile pembe za ndovu zingekuwa Mpwapwa mpaka leo, na ukimuuliza anakwambia bado kidogo."

"Bado kidogo" ndilo lililokuwa neno la Masolwa. Ukimpa simu yako Jumatatu, bado kidogo. Alhamisi, bado kidogo. Ijumaa unaikuta imefunguka mezani kama kuku wa kuchoma, na kioo chake kiko kwenye simu ya mwenzako.

"Pwani simpeleki," alisema Mzee. "Siku hizi kuna treni, atalala tu njia nzima. Habari ya ng'ombe nayo bado hatujaifikia. Mimi nataka kitu kimoja, alichokianza kwa mikono yake akakimaliza kwa mikono yake. Kimoja. Hata kigoda. Mwezi wa sita naingia porini kurina asali. Jumapili ya mwisho ya mwezi wa tano, tukitoka misa, nitapita kwake nikitazame. Nikikikuta, tutaongea. Nisipokikuta, kuna mwalimu wa Nzega ameleta barua tangu mwezi wa pili. Nitamjibu."

Taarifa ikamfikia Masolwa jioni hiyohiyo. Theodora naye akafika na nyongeza.

"Huyo wa Nzega nimeona picha ya nyumba yake," alisema. "Ina paa. La bluu. Yeye simpendi, Masolwa, lakini lile paa nalipenda."

Sasa mtu mwenye akili timamu, aliyeambiwa kigoda, anatafuta ubao, anachonga miguu mitatu, na siku ya pili anakalia. Masolwa akaenda mjini kutafuta ndege.

Ndege ilikuwa dukani kwa Jignesh. Jignesh aliuza madaftari, kalamu na kadi za harusi karibu na soko, kama baba yake na babu yake, na kwenye rafu ya juu kabisa, ambako hata paka wa duka hakufika, kulikuwa na boksi kubwa lenye vumbi. Kaka yake ndiye aliyeliagiza kutoka ng'ambo miaka tisa nyuma, akiwa na mpango wa kuiunga ndege hiyo na kuirusha. Badala yake akaoa, akahamia Mwanza. Juu ya boksi kulikuwa na picha ya ndege nyeupe yenye mistari myekundu, mota mbili juu ya mabawa na tumbo lililochongoka kama mtumbwi, ikitua kwenye ziwa la bluu lililozungukwa na milima yenye theluji.

"Ndege ya kuruka kutoka majini," alisema Jignesh, akipuliza vumbi kumwelekea mteja wake kwa makusudi. "Mota mbili. Rimoti. Vipande mia mbili na kumi. Bahari uje nayo mwenyewe."

"Kuna bwawa la Igombe."

"Lipo. Na mbao pia zipo. Theodora alipita hapa asubuhi, kanieleza kila kitu. Mzee kasema kigoda, bwana."

"Kasema *hata* kigoda. Maana yake kigoda ndiyo daraja la chini kabisa."

Jignesh akamtazama kwa muda, vile anavyomtazama mtu anayejaribu kalamu kumi na mbili kisha anaondoka bila kununua.

"Chukua," alisema. "Bure. Miaka tisa inanitazama kutoka juu kama mama mkwe. Ukiimaliza uniite nije nipige video. Usipoimaliza, tafadhali, vipande usiniletee."

Hivyo ndivyo ujenzi wa ndege ya majini ulivyoanza katika chumba kisicho na paa, chini ya turubai, kilomita mia nane kutoka bahari iliyo karibu zaidi.

Kitabu cha maelekezo kilikuwa cha Kichina. Masolwa akasema hiyo ni nafuu, kwa kuwa hata kingekuwa cha Kiswahili asingekisoma. Michoro ilikuwepo, na mishale. Mbavu za mabawa zilikuwa za mbao nyepesi kiasi kwamba ukizipumulia vibaya zinahamia kwa jirani. Siku ya kwanza alizipanga zote kwa namba juu ya meza, akapiga picha, akaituma kwa Theodora akiandika: *Tumeanza.* Theodora akajibu: *Hilo hatujawahi kuwa na wasiwasi nalo.*

Siku ya pili aligundisha ubavu wa saba pamoja na kidole chake cha shahada. Vikaachana siku ya tatu, ubavu ukiondoka na sehemu ya kidole. Juu ya mbavu kulitakiwa kuvutwa karatasi la plastiki jembamba linalokazwa kwa joto, na Masolwa akatumia pasi ya mkaa ya mama yake, ambayo ina uzito wa mbuzi. Bawa la kushoto likakaza kama ngoma. La kulia likakunjamana kidogo, likapewa msamaha.

Haki ya mtu mpe. Jioni baada ya jioni, akishafunga kibanda, alikaa kwenye ile meza. Theodora alikuja Jumamosi na rundo la madaftari ya kusahihisha, akakaa upande wa pili wa meza, na kila alipoinua macho alikuta mwenzake bado amekaa palepale, ulimi nje, bisibisi mkononi. Hakuamini. Alikwenda nyumbani akamwambia baba yake, "Anafanya." Mzee akasema, "Mwezi mzima?" Theodora akasema, "Wiki ya pili." Mzee akasema, "Ahaa."

Wiki ya tatu ikaja zamu ya mota. Ya kushoto Masolwa aliifunga kama bibi harusi. Skrubu nne, nyaya tatu zilizoungwa vizuri kwa risasi ya kuyeyusha, kila moja imevalishwa kikoti chake cha plastiki. Akawasha swichi iliyoko chini ya bawa, akasukuma rimoti, na rafadha, lile panga la mbele ya mota, ikazunguka ikipiga upepo mtamu wa kupeperusha madaftari ya darasa la sita. Akaizungusha tena. Aliizungusha mara kumi na nne.

Kisha akaja kwenye ya kulia. Akaikaza skrubu zote nne, akaiwekea rafadha, akaifunika kofia yake. Ukiitazama kwa nje, mapacha. Nyaya zake tatu akazipitisha ndani ya bawa mpaka tumboni mwa ndege, mahali zinapotakiwa kuungwa, na hapo akapiga mwayo.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya robo saa. Nyaya tatu tu, kama zile za kushoto. Tena alikwishaifanya upande mmoja, kwa hiyo kichwani mwake ilikuwa kama imekwisha. Na kitu kilichokwisha kichwani, kwa nini ukifanyie haraka mikononi? Kesho.

Kulikuwa na jambo la dharura zaidi. Tumbo la ndege lilikuwa mapande mawili ya plastiki ngumu yaliyounganishwa kama maganda ya karanga, refu kama mkono wa mtu mzima na nene kama paja, na kwenye maungio mwanga ulipita.

"Hapa maji yataingia," alisema Theodora.

"Gundi imeisha."

"Kwani nyumbani kwetu tuna nini kama si nta?"

Akamletea donge la nta kubwa kama ngumi, kutoka kwa baba yake. Masolwa akaiyeyusha kwenye sufuria, akaipaka ndani ya tumbo la ndege kwa brashi, kuanzia puani hadi mkiani, kwenye kila ufa na kila kona, hata pasipo na ufa, kwa kuwa harufu yake ilimpendeza. Halafu akatafuta mahali pa kivuli ambapo nta itakauka bila kuguswa na mbuzi wala siafu. Akaifunga ndege kwa kamba mbili, akaining'iniza kwenye tawi la mwarobaini nyuma ya nyumba. Kimlango cha betri cha ubavuni akakiacha kimeinuka kidogo ili hewa ipite.

Hebu tazama kwa utulivu alichokifanya. Amechukua kitu chenye uwazi ndani. Amekipaka nta. Amekiachia kitundu cha kupita vidole viwili. Amekining'iniza mtini, mwezi wa tano, Tabora. Mtoto wa chekechea kutoka Sikonge angekwambia kitu hicho kinaitwaje, na kinangoja nani. Masolwa mwenyewe alikwenda shule miaka saba akipita chini ya vitu vya aina hiyo. Lakini siku ile mawazo yake yalikuwa baharini.

Jumatatu alisema kesho. Jumanne alisema kesho. Jumatano kulikuwa na mpira. Alhamisi na Ijumaa simu za watu zilimzidi, maana wiki hiyo zilifika tisa zilizodondoka chooni.

Jumamosi, siku moja kabla ya ugeni, alifika nyumbani saa tisa mchana na chuma chake cha kuchomea risasi mkononi, ameazimia. Akaufikia mwarobaini. Akasimama.

Ndege ilikuwa inanguruma.

Sauti ya chini, ya utulivu, isiyokatika. Mota inazunguka yenyewe! Akatazama rafadha: zote mbili zimetulia. Akapata wazo kwamba pengine ndege, kwa kuchoka kusubiri, imeamua kujimalizia yenyewe kutokea ndani. Akasogea, akaweka sikio la kulia kwenye kimlango cha betri.

Nyuki wa Tabora hawana tabia ya kuonya mara mbili. Hata mara ya kwanza hawana.

Theodora alipofika alimkuta kwenye kizingiti, sikio limekuwa andazi. Akaiendea ndege, akasimama hatua tano, akatazama kimlango kwa jicho la mtoto wa mfuga nyuki.

"Wanaingia na chavua miguuni," alisema. "Hawa hawapiti, wamehamia." Kisha midomo ikaanza kumchezacheza. "Masolwa, umetengeneza mzinga."

"Ni ndege."

"Ni mzinga wenye mabawa. Baba ana mizinga mia moja na arobaini, hana hata mmoja wenye mota." Akacheka mpaka akakaa chini, kwenye tuta lisilo na mchicha. Alipopata pumzi akafuta macho kwa ncha ya kitenge. "Sikiliza. Hili baba atalipenda. Nyuki wakija wenyewe kwa mtu ni baraka, wewe unajua. Niambie kitu kimoja tu. Ndani ulikuwa umemaliza, kabla hawajaingia?"

"Ndiyo," alisema Masolwa.

Lilikuwa neno fupi, na hilo alilimaliza.

Jioni akamweleza Dionis ukweli. Dionis akaitazama ndege kwa mbali, akavutiwa.

"Sasa tatizo liko wapi?" akauliza. "Nani atatia mkono mle aulize habari za waya? Mungu kakuwekea walinzi elfu tano bila mshahara, wewe unataka kuwafukuza. Nyamaza, kaka. Kesho ukiulizwa, sema alhamdulillahi, na mimi Mkristo nitaitikia."

Jumapili misa ilikwisha saa nne. Mzee Nikolaus akaja amevaa koti la kahawia, Theodora nyuma yake. Jignesh alishafika zamani na simu yenye chaji asilimia mia, na betri ya ziada ya ndege aliyoikuta kwenye droo, kwa ajili ya safari ya Igombe. Dionis alivaa tai.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Sikio limekuwaje?"

"Wamenikaribisha, Mzee."

Masolwa akatafuta pa kumkalisha mkwe. Kigoda hakikuwepo. Akageuza ndoo ya mchanga, akaipangusa, na mzee akaitazama ile ndoo kwa muda mrefu kabla ya kuikalia.

Halafu akainuka, akaenda mtini. Akaizunguka ndege taratibu, mikono nyuma. Akainusa. Akapiga magoti akatazama kimlango, nyuki wakimpita masikioni kama mtu wa nyumbani. Akagusa maungio ya tumbo kwa ukucha, kutoka puani hadi mkiani. Aliposimama, uso wake ulikuwa umefanya kitu ambacho Dionis alihitaji muda kukitambua. Ulikuwa umetabasamu.

"Nyuki wakitaka nyumba hutuma wapelelezi," alisema. "Wanaingia, wanapima, wanatembea kila kona. Ukiwaachia ufa, hawaji. Ukiwabania nta, hawaji. Mwaka huu mizinga yangu saba wameikataa, na mimi ndiye niliyeichonga. Hii wameikubali." Akageuka. "Kama wamekagua wao, mimi nani? Kijana, umemaliza."

Jignesh akapiga makofi, simu ikatikisika. Dionis akasogea haraka kwa Mzee na kuanza, kwa sauti ya asali, kugusia habari ya ng'ombe. Masolwa akamtazama Theodora.

Theodora alikuwa anamtazama vile anavyomtazama mwanafunzi wa mkiani aliyepata mia kwa mia. Hakuwa anacheka. Alikuwa ameamini. Na Masolwa, ambaye katika maisha yake alikuwa amepewa msamaha mara nyingi lakini alama ya vema mara chache mno, akaona kwamba alama ile nyekundu inawekwa kwenye hesabu aliyonakili.

"Mzee," alisema. "Bado kidogo."

Dionis akafumba macho, kama mtu anayeona ng'ombe wake akitumbukia kisimani.

"Kimebaki nini?" aliuliza Mzee.

"Mota ya upande wa kulia. Kwa nje imo, lakini nyaya zake hazijaungwa. Ziko mle ndani. Nyuma ya nyuki."

"Jana nilikuuliza," alisema Theodora, polepole.

"Uliniuliza. Nikakudanganya."

"Sasa leo unasema ya nini? Baba ameshakubali."

Masolwa alijikuna sikio, akajuta. "Kwa sababu kila nikipita chini ya huu mti nitaiona hiyo ya kulia. Na wewe utakuwa unaishi hapahapa. Utaniuliza mbona haizunguki, nitakwambia kesho. Utaniuliza tena. Mpaka tuzeeke."

Hata nyuki walionekana kusikiliza. Mzee akarudi kwenye ndoo, akaisogeza mtini, akakaa.

"Ndoo hii inaumiza," alisema. "Lakini nitakaa. Malizia."

"Sasa hivi?"

"Mimi nina haraka? Theodora, niletee maganda makavu ya mti na kinyesi kikavu cha ng'ombe nitengeneze moshi. Moshi nitakushikia, kijana. Waya ni wako."

Masolwa akakitia chuma chake kwenye jiko la mkaa mpaka kikawa chekundu. Akajifunga kanga ya Theodora kichwani, akabakiza upande wa kulia wa uso ili aone. Kimlango cha betri kilikuwa upande huohuo. Mzee akapuliza moshi, nyuki wakarudi nyuma kidogo, wakinung'unika, na Masolwa akaingiza vidole tumboni mwa ndege, kati ya masega machanga meupe, akivuta nyaya kama daktari anayemzalisha mgonjwa asiyemtaka.

Waya wa kwanza ulimgharimu kope la kulia. Waya wa pili ukachukua nusu ya mdomo, kulia pia. Hapo nta ilisikia joto la chuma, ikadondoka, na walinzi wote elfu tano wakataka kujua ni nani. Masolwa akatimua mbio, akajitupa ndani ya nyumba, ambako Jignesh alikuwa anapiga video kupitia dirisha lisilo na dirisha. Nyuki wakapita juu, kwenye paa lisilokuwepo.

"Mbili kati ya tatu!" Dionis alipiga kelele kutoka nyuma ya pipa la maji. "Mzee, hiyo ni zaidi ya nusu!"

"Ni theluthi mbili," alisema Theodora kutoka chini ya kitenge chake. "Haitoshi."

Mzee Nikolaus hakuwa ametikisika kwenye ndoo. Akaongeza kinyesi kwenye moshi.

Masolwa akatazama lango. Angeweza kutokea pale, akafika mjini, akafungua kibanda, na watu wangesema tulijua. Akatema mate kwa upande wa mdomo uliokuwa unatema, akakipasha chuma chake tena jikoni, akarudi mtini. Waya wa tatu ulishika mara ya kwanza. Akauvalisha kikoti chake cha plastiki. Angeweza kuuacha bila kikoti, nani angejua. Akauvalisha. Hapo likaenda shavu.

Akawasha swichi chini ya bawa. Akarudi nyuma hatua saba, akashika rimoti, akasukuma.

Ya kushoto ikazunguka, kama kawaida yake, ikijipenda. Ya kulia ikatulia. Sekunde moja. Sekunde ya pili Dionis alianza sala ya marehemu. Ya tatu ikatetemeka, ikakohoa vumbi la nta, ikazunguka, kinyume na mwenzake.

"Inakwenda kinyume!" alilia Masolwa.

"Ndivyo inavyotakiwa!" Jignesh alikuwa amenyanyua kitabu cha Kichina dirishani. "Mishale inasema zipishane! Iko sahihi!"

Ndege nzima ikanguruma, ikavuta kamba, pua ikainuka kuelekea milima yenye theluji. Ndipo wenye nyumba wakatoka kuulizia kelele.

Jignesh alikimbia na betri yake ya ziada mpaka barabarani. Dionis aliingia ndani ya pipa, na tai. Theodora akalala kifudifudi kwenye mchicha. Masolwa hakukimbia. Alisimama na rimoti, jicho moja limefumba, akitazama rafadha zote mbili, na mzee naye aliketi ndani ya wingu la moshi na nyuki, akizitazama vilevile.

"Zima," alisema Mzee hatimaye. "Nimeona zote mbili."

Zilikuwa sekunde kumi na mbili. Baada ya nusu saa nyuki wengi walikuwa wamerudi ndani, wameamua kusamehe.

"Na kuruka je?" aliuliza Jignesh, akichungulia langoni. "Na Igombe?"

"Nani alisema iruke? Nilisema amalize." Mzee akainuka, akajishika kiuno. "Tena hawa wametoka mbali, hawataki safari nyingine. Dionis, toka humo tuongee habari ya ng'ombe. Na yule wa Nzega nitamwandikia leo, asiendelee kupaka rangi."

Wakaenda kukaa kivulini, Dionis akichuruzika maji na heshima. Theodora akamketisha Masolwa kwenye kizingiti, akaanza kumtoa miiba kwa kucha, mmoja mmoja, akihesabu kwa sauti. Upande wa kulia wa uso ulikuwa umevimba kama mkate wa kumimina. Wa kushoto ulikuwa safi kabisa.

"Hata kuvimba," alisema, "umevimba nusu."

Masolwa akajaribu kucheka, ikauma.

"Kumi na tisa," alisema Theodora. "Ishirini. Mwezi wa saba baba akitoka porini atapita tena hapa."

"Kufanya nini tena?"

"Kutazama paa. Litakuwa limefika?"

Masolwa akafungua mdomo. Maneno mawili yalikuwa pale, tayari, ya zamani, yaliyozoea njia. Akaufunga, ule upande uliokuwa bado unafungika, akainuka akaenda kutafuta futi kamba.